Nimepata leseni, mbona barabarani bado natetemeka?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34. Nimepata leseni ya pikipiki na nimenunua pikipiki yangu ya kwanza. Uwanjani nilikuwa naendesha vizuri, hata mwalimu wangu alinisifu. Lakini nikiingia barabarani mikono inakaza, injini inanizimikia kwenye mwinuko, na gari likija nyuma yangu natamani nisimame pembeni lipite. Juzi nilikuwa nageuza mahali pembamba, nikashika breki ya mbele, pikipiki ikalala. Sikuumia, ila tangu siku hiyo nikiitazama tu moyo unaenda mbio. Kona nazo naziogopa. Watu wananiambia nitazoea. Mdogo wangu naye kila siku anadai nimbebe. Nifanye nini? Niiuze nitafute ndogo zaidi?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuanguka. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo lenye hasara: usiiuze, angalau si sasa. Katika maelezo yako sijaona dalili kwamba pikipiki imekuzidi. Ninachokiona ni mambo manne tofauti ambayo umeyaweka pamoja ukayaita hofu: klachi kwenye mwinuko, kugeuza mahali pembamba, kona, na magari yaliyo nyuma yako. Kila moja lina chanzo chake na lina zoezi lake. Ukiyakabili yote kwa mkupuo kila unapotoka nyumbani, yatakushinda. Ukiyachukua moja moja, mawili kati ya hayo yatakwisha mapema kuliko unavyodhani.

Wanaokwambia utazoea wanakutakia mema, lakini siwaungi mkono. Mtu huzoea kile anachokirudia. Ukirudia kuendesha ukiwa umekaza mabega na unatazama tairi la mbele, ndivyo utakavyozoea kuendesha. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1981, ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California. Timu yake ilichunguza ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ikifika penye tukio lenyewe. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Jambo la pili ndilo ninalotaka ulishike: zaidi ya nusu yao walikuwa hawajafikisha miezi mitano na pikipiki waliyopata nayo ajali, ingawa kwa jumla walikuwa na uzoefu wa karibu miaka mitatu barabarani. Kwa hiyo miezi ya kwanza na pikipiki mpya inahitaji mazoezi ya makusudi, hata kwa mtu aliyeendesha nyingine kabla. Moyo wako kukwambia kuna kitu hujakiweza bado si ugonjwa. Unakwambia kweli, na kazi yetu ni kujua ni kitu gani.

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha pikipiki imekukaa. Panda, inyooshe wima, kisha angalia kama sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili inafika chini; si lazima visigino viguse. Weka vidole kwenye klachi na kwenye breki ya mbele. Ikiwa unalazimika kujinyoosha ili uvifikie, mwambie fundi avirekebishe; pikipiki nyingi zina nafasi ya kufanya hivyo. Mwambie pia akague ulegevu wa waya wa klachi na mzunguko wa injini ikiwa imetulia bila kuvutwa mafuta. Nimepokea wanafunzi wengi waliojilaumu kwa kuzimikiwa, kumbe klachi imekazwa vibaya hata mwalimu asingeiweza. Upepo wa matairi nao upimwe asubuhi kabla hujatembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Tairi lenye upepo pungufu hufanya usukani uwe mzito na pikipiki isite kuinama kwenye kona, nawe ukadhani tatizo ni wewe.

Sasa klachi. Tafuta mahali patupu na tambarare. Keti, miguu yote miwili chini, gia ya kwanza, usivute mafuta kabisa. Achia klachi taratibu mno mpaka usikie mlio wa injini unashuka kidogo na pikipiki inataka kusogea. Hapo ndipo klachi inaposhika. Usiiachie yote, iache ikusogeze nusu hatua, kisha ibane tena. Rudia. Fanya hivyo mpaka mkono wa kushoto upajue mahali hapo bila wewe kufikiri, kisha ongeza mafuta kidogo yasiyobadilika. Wanafunzi wengi huogopa kwamba wataichoma klachi. Klachi ya pikipiki nyingi inafanya kazi ndani ya oili, kwa hiyo inastahimili kuteleza namna hiyo kuliko ya gari. Ukisikia inatoa harufu au inapoteza nguvu, pumzika iburudike, halafu endelea.

Mkono ukishaijua klachi, nenda kwenye mwinuko mdogo usio na magari. Mguu wa kushoto chini, mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma. Breki hiyo ndiyo inayoishikilia pikipiki. Mkono wa kulia ubaki huru kwa mafuta. Vuta mafuta kidogo zaidi ya uliyozoea kwenye tambarare, achia klachi hadi usikie mlio unazama na sehemu ya nyuma inajikaza, na hapo tu ndipo uondoe mguu kwenye breki. Wengi huzimikiwa kwa sababu wanaanza kwa kuondoa breki, pikipiki inarudi nyuma, wanashtuka, wanaachia klachi ghafla. Ukibadilisha huo mpangilio tu, mwinuko unakoma kuwa adui. Na ikizima, imezima. Bana klachi, washa, anza upya. Dereva wa nyuma atasubiri sekunde chache. Haraka yake haiwezi kuwa sababu ya wewe kuumia.

Kuhusu kuanguka, sababu uliitaja mwenyewe pengine bila kujua: ulishika breki ya mbele wakati usukani umekunjwa. Katika mwendo wa mtu anayetembea, pikipiki haina kasi ya kujisimamisha. Usukani ukiwa umekunjwa, uzito tayari umelalia upande mmoja, na breki ya mbele ikibana ghafla unamalizikia chini. Huo ndio mwanguko wa kawaida kabisa wa mwanafunzi na hauna uhusiano na ukubwa wa pikipiki. Kanuni ninayoifundisha haina msamaha: ukigeuza kwa mwendo mdogo, vidole vya mkono wa kulia vitoke kwenye breki. Mwendo uutawale kwa vitu vitatu, yaani klachi pale inaposhika, mafuta kidogo yasiyoyumba, na breki ya nyuma ikigusa kwa mbali. Breki hiyo ya nyuma inaivuta pikipiki kidogo huku injini inaisukuma, na mvutano huo ndio unaoituliza.

Kisha macho. Geuza kichwa chote, kidevu kifike karibu na bega, utazame kule unakotaka kutokea. Usitazame ardhi iliyo mbele ya tairi. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Mwili hufuata macho, na hilo utalikuta tena kwenye kona na kwenye dharura. Weka alama mbili ardhini, zunguka kwa umbo la namba nane, kwanza pana, kisha punguza kadiri unavyozoea. Uiache pikipiki iinamie ndani, nawe ukae wima ukiegemea nje kidogo. Siku chache za dakika 20 au 30 zinatosha kuona tofauti, mradi uache kabla hujachoka. Mkono wa klachi ukianza kuuma, siku imekwisha. Unachokifanya baada ya hapo unajifunza vibaya.

Usidhani haya ni mazoezi ya watoto. Japani, anayetahiniwa leseni hupita juu ya daraja jembamba lenye urefu wa mita 15 na upana wa sentimita 30, na hupunguziwa alama akipita upesi mno: kwa pikipiki za kati anatakiwa atumie sekunde 7 au zaidi, na kwa kubwa sekunde 10 au zaidi. Uingereza nako, tangu mwaka 2009, sehemu ya kwanza ya mtihani wa vitendo ina kuisukuma pikipiki kwa mkono, kupita katikati ya alama, namba nane, mwendo wa taratibu na kugeuza, pamoja na kufunga breki za dharura na kukwepa kizuizi. Watu waliokaa wakafikiri nani apewe leseni wameona kwamba anayeweza kwenda polepole ndiye anayeimiliki pikipiki. Kwenda mbio kwenye barabara iliyonyooka kila mtu anaweza.

Jifunze pia kuiinua, maana nusu ya hofu ya kuanguka ni hofu ya kushindwa kuinyanyua mbele za watu. Zima injini. Kama imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza ili usije ukaiangusha upande wa pili. Iache kwenye gia isiteleze. Kunja usukani kuelekea upande wa chini, ipe mgongo pikipiki, makalio yaegemee kiti, mkono mmoja ushike usukani, mwingine ushike chuma imara chini ya kiti. Chuchumaa, nyoosha mgongo, kisha sukuma kwa miguu kwa hatua fupi za kurudi nyuma. Usiinue kwa kiuno. Mara ya kwanza awepo mtu upande wa pili wa kukusaidia.

Hujaniuliza kuhusu breki, lakini nakuomba uzipe muda kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hapa ndipo ujasiri wa kweli unapotoka. Utafiti ule wa Hurt ulionyesha kwamba katika ajali ya kawaida mwendesha pikipiki alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kufanya lolote la kujiokoa, na kosa lililojirudia ni kubana sana breki ya nyuma hadi tairi likateleza huku ile ya mbele ikitumika kidogo mno. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtu aliyeangushwa na breki ya mbele mara moja huiogopa milele, na naogopa wewe uko njiani kufika huko. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa. Unapofunga breki uzito huhamia mbele, tairi la mbele linagandamizwa ardhini na kushika zaidi, la nyuma linapungukiwa uzito na kuteleza kwa urahisi. Iliyokuangusha si breki yenyewe. Ni usukani uliokunjwa.

Basi ifanyie mazoezi ukiwa umenyooka. Lami kavu, safi, isiyo na mchanga, na kofia kichwani hata kama ni uwanja mtupu. Nenda kwa kilomita 30 kwa saa, ukifika kwenye alama punguza mafuta, bana klachi, kanyaga breki ya nyuma kwa wastani, na breki ya mbele uibane kama unavyokamua kitambaa kilicholowa: mwanzo kidogo, kisha unazidisha. Usiinyakue. Ukiibana kwa hatua, utahisi sehemu ya mbele inazama, halafu tairi linashika, na hapo unaweza kuongeza nguvu. Tazama mbele, magoti yabane tangi ili uzito wa mwili usiegemee mikono. Ukihisi tairi la mbele linateleza, achia mara moja na ubane upya kwa upole. Kama pikipiki yako ina mfumo wa kuzuia tairi lisikwame, yaani ABS, utahisi breki inatetemeka mkononi. Iendelee kubanwa, hiyo ndiyo kazi yake. Ikizoeleka nenda 40, halafu 50. Kwa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo sekunde moja ya kushangaa ni mita 14 kabla breki haijagusa kitu. Na kumbuka mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa breki peke yake unakuwa mara nne. Ndiyo maana siwaruhusu wanafunzi wangu kupanda mwendo ambao hawajawahi kuusimamisha.

Kona huogopwa kwa sababu watu huziingia kwa mwendo ambao hawana uhakika nao, kisha wanataka kuurekebisha wakiwa ndani. Maliza kazi yote ya breki na gia ukiwa bado umenyooka. Ingia taratibu kuliko unavyofikiri inatosha. Hakuna aliyeumia kwa kuingia kona polepole mno akiwa peke yake barabarani. Macho yatafute mwisho wa kona. Ukishainama, ongeza mafuta kidogo kidogo, ambayo hutuliza pikipiki. Na kuna jambo ambalo pengine hukuelezwa vizuri uwanjani: ukishapita mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa, ili uende kulia unasukuma upande wa kulia wa usukani mbele, na pikipiki inainamia kulia. Kushoto, vivyo hivyo. Mikono yako tayari inafanya hivyo bila kukuambia. Wilbur Wright, Mmarekani aliyekuwa fundi na mtengenezaji wa baiskeli kabla ya kuunda ndege na kuruka angani, aliligundua kwa waendesha baiskeli waliokuwa hawajui kwamba wanalifanya. Ukilijua, lijaribu kwenye barabara pana iliyonyooka: sukuma kwa kiganja, kidogo tu, uone pikipiki inavyoitikia. Siku itakapokulazimu kukwepa kitu ghafla, hilo ndilo litakalokuokoa. Lakini linahitaji viwiko vilegee. Ukikaza mikono unapigana na pikipiki inayotaka kujinyoosha yenyewe. Ninaposema legeza, maana yake uweze kupunga viwiko kama mbawa ukiwa unaenda. Wakikuona watu, waache wakuone.

Sasa magari. Usiende ukingoni kabisa mwa barabara ukidhani unawapisha. Pale ukingoni ndipo palipo na mchanga, mashimo na milango inayofunguliwa, na dereva anaona nafasi ya kukupita ambayo haipo. Kaa mahali unapoonekana kwenye kioo cha gari la mbele, ukiacha nafasi ya sekunde 3 kati yenu. Kama anayekufuata amekukaribia mno, ongeza nafasi mbele yako ili usilazimike kufunga breki ghafla, gusa breki mapema taa iwake, na ukipata mahali salama toa indiketa, mpishe. Kumpisha mtu kwa hiari yako, mahali ulipopachagua, ni uendeshaji mzuri. Kusimama popote kwa kuchanganyikiwa ndiko ninakokukataza. Ukisimama kwenye foleni, baki kwenye gia ya kwanza klachi ikiwa imebanwa na jicho kwenye kioo, mpaka gari la nyuma limesimama.

Ila nikuambie ukweli, hatari yako kubwa haiko nyuma. Katika ajali zilizohusisha pikipiki na gari, Hurt aliona kwamba thuluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kumnyima mwenye pikipiki haki yake ya kupita, mara nyingi akikata kuingia njia nyingine mbele yake. Kitu chembamba huonekana kiko mbali na kinakuja taratibu kuliko ukweli. Kila ukikaribia makutano yenye gari linalosubiri kukata, punguza mafuta, weka vidole kwenye breki, na utazame tairi la mbele la gari hilo. Usitegemee macho ya dereva. Anaweza kukutazama asikuone. Tairi likianza kuzunguka, wewe tayari unajua.

Kuhusu kofia nasema kwa ufupi: ikukae bila kuchezacheza, ukiishika na kuizungusha ngozi ya uso isogee nayo, na mkanda ufungwe kila safari. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za afya, mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 kwa aliyepata ajali. Mvua na usiku viweke kando kwanza, uviongeze kimoja kimoja baadaye. Na ukialikwa kwenye msafara wa waendeshaji wazoefu, kataa kwa heshima. Utafuata mwendo wao badala ya wako.

Ama mdogo wako, mwambie asubiri, na umwambie anasubiri nini. Siku utakayoweza kugeuza bila kushusha mguu, kuondoka mwinukoni bila kurudi nyuma, na kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa kwa mstari ulionyooka, ukayafanya hayo yote hata siku ambayo hujisikii vizuri, ndiyo siku ya kumbeba. Muanzie palepale uwanjani. Pikipiki itakuwa nzito zaidi, itachelewa kusimama na itakuwa nyepesi mbele, kwa hiyo rudia zoezi la breki ukiwa naye kabla ya kuingia barabarani. Yeye avae kofia, akushike kiunoni, ainame na wewe kwenye kona, na mkisimama miguu yake ibaki juu ya vikanyagio mpaka wewe umwambie ashuke.